Kikohozi cha Baba

Baba yangu alikuwa na kikohozi kisicho na ugonjwa. Kila akirudi kutoka ziwani, akifika kwenye mchikichi uliosimama mwanzo wa njia yetu, alikohoa mara mbili kwa nguvu, kisha akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Kamba zenyewe hazikuwepo. Alivaa kandambili.

Jikoni tulikuwa tukikisubiri kikohozi hicho. Mama alinyakua sahani. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alisimama mlangoni na kutandaza kitenge chake kama kuku anayefunika vifaranga. Na koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alirudisha tonge bakulini, akapangusa midomo, akageukia ukuta. Baba alipita uani akitazama vidole vya miguu yake.

"Bamama, mujambo?"

"Atujambo."

Akaingia nyumbani. Mlango ukifungwa tu, koko aligeuka na kuokota tonge lake pale pale alipoliacha, wala hakulalamika kwamba limepoa.

Koko alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Kwetu, katika ukoo nilimokulia, mama mukwe na mukwe wake hawaonani wakila. Kusalimiana wanaweza, kila mmoja akiutazama udongo wake. Kuombeana kanisani wanaweza. Lakini taya la mmoja likianza kutafuna, mwingine asilione. Huo ndio bukwe, na bukwe haukuwa na likizo.

Zamani jambo hili halikusumbua mtu. Koko aliishi Ubwari, upande wa pili wa maji, na alipokuja Baraka kutusalimia alilala na kula kwa jirani. Kisha vita ya kwanza ikapita kule, na koko akashuka pwani na mtwangio wake begani na kuku mmoja kwapani. Majirani wote walikuwa wamejaa. Kwa huyu wamelala watu wa Mboko, kwa yule watu wa milimani. Nafasi ikabaki moja tu, jikoni kwa mukwe wake mwenyewe. Koko alilia siku hiyo. Nilidhani anaililia nyumba yake iliyoungua, kumbe analia kwa sababu atakula kwa mukwe.

"Risasi nilikimbia," alimwambia mama. "Sasa haya, nitakimbilia wapi na haya?"

Basi tukajipanga. Baba alihamisha chakula chake kwenda pwani, alikokuwa akitengeneza na kuziba boti za watu. Koko alipewa pembe ya jiko, nyuma ya ukuta wa matete. Sisi watoto, wa mama na wa shangazi, tulikula uani kwenye sinia moja, mkono juu ya mkono, na aliyechelewa alilamba vidole. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na miguu myepesi na mdomo usiofungwa, nikawa daraja.

Maana hao wawili hawakuambiana neno moja kwa moja kama kulikuwa na mtoto wa kulibeba. Baba anasimama nje ya ukuta wa matete, koko yuko ndani, mkono wangu ungeweza kuwagusa wote wawili, na bado.

"Ambia koko yako, sombe ya leo imezidi chumvi."

"Ambia baba yako, chumvi ni ile alileta yeye."

"Ambia koko yako, asante."

"Ambia baba yako, asante ya nini, si amesema imezidi?"

Nami nasimama katikati, nikigeuza shingo huku na huku, na kila neno nilirudia lote, ijapokuwa wote wawili walikwisha kulisikia. Siku moja nilichoka nikasema, "Si mumesikia?" Wote wawili wakanikemea kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza niliwasikia wakisema kitu kimoja.

Mimi nilitaka kujua. Ndilo lililokuwa tatizo langu utotoni na ndilo tatizo langu mpaka leo. Nilitaka kujua wakionana itakuwaje. Nilimuuliza mama nikiwa natwanga majani ya muhogo.

"Mama, baba akimuona koko anakula, kitu gani kitakuja?"

"Twanga."

"Lakini mama..."

"We mutoto, sombe haitwangwe na mudomo. Twanga."

Nilimuuliza shangazi. Akasema mikono yao itatetemeka mpaka uzeeni. Siku nyingine akasema meno yatang'oka yote, hata magego. Siku ya tatu akasema baba atazaa. Shangazi alipenda kucheka kuliko alivyopenda ukweli, nikajua naye hajui.

Mwishowe nilimuuliza koko mwenyewe. Alikuwa anachagua ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwatenga na mchanga. Hakukasirika.

"Mukwe ni sawa jua," alisema. "Unaota joto yake. Hauliangalie."

"Mimi naliangaliaka."

"Njo maana uko na macho ya mwizi."

Alichagua samaki kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, kwa sauti ya chini, akichungulia kwanza kama mama yuko karibu.

"Uso ya baba yako, iko namna gani?"

"Aa, koko! Haumujue?"

"Miguu yake naijua. Kidole kidogo ya kushoto haina kucha. Uso, wapi. Siku ya ndoa niliangalia chini, na tangu ile siku nimeangalia chini tu."

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Ana ndevu kidogo hapa. Pua ni hii ya kwangu. Akikasirika mshipa unasimama kwenye paji. Koko alisikiliza mikono ikiwa imesimama juu ya ungo.

"Na akicheka?"

Hapo nikakwama. Unamwelezaje mtu namna mtu mwingine anavyocheka? Nilijaribu kucheka kama baba, koko akanitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye ndakala wake.

Lakini kulikuwa na uso mwingine wa baba ambao koko aliujua kuliko mke wake. Aliujua kwenye sahani. Kila nikirudi na vyombo kutoka pwani, kabla sijaviweka kwenye karai, sauti ilitoka nyuma ya matete: "Leta nione." Alikiinamia chombo kile akakigeuza kwenye mwanga. Pilipili imesukumwa pembeni, basi kesho hakuna pilipili. Bugali umebaki nusu na mboga imekwisha, basi leo amekula na wageni. Bugali umekwisha na mboga imebaki, basi ana hasira, maana mtu mwenye hasira anameza tu bila kuchovya. Nilikwenda kumchunguza baba baada ya hapo, na kweli mshipa ulikuwa umesimama.

Siku moja aliitazama sahani muda mrefu, akaokota mfupa wa mukebuka, yule samaki mrefu wa ziwa letu, akaushika kwenye mwanga.

"Baba yako jino inamuuma. Ya kuume."

"Hajasema."

"Zamani mifupa alikuwa anaitafuna mpaka inakuwa unga. Sasa inarudi mizima. Na angalia, anakulia upande moja."

Kesho yake nilibeba kwenda pwani bakuli la samaki aliyetolewa miiba yote na kupondwa na mawese, laini kama chakula cha mtoto anayeota meno. Baba alionja. Akaniangalia.

"Nani amesema miye niko na jino?"

"Koko."

"Na yeye nani amemwambia?"

"Sahani."

Baba alishika shavu. Alitazama upande wa nyumbani, ingawa kutoka pale nyumba haionekani. Kisha akasema, "Ambia koko yako... Aa-aa. Usimwambie kitu." Akala mpaka bakuli likang'aa. Jioni tulikuta kichwa kikubwa cha sangala kimening'inizwa kwenye matete kwa kamba, upande wa koko. Koko alipenda kichwa cha samaki kuliko mwili wake wote. Ni nani aliyemwambia baba, mimi simjui, yaani ni mimi.

Tuliishi hivyo, na nadhani tuliishi vizuri. Watu wakihesabu vita wanahesabu maiti, na ni haki. Ila kati ya vita ya kwanza na ya pili kulikuwa na mboga nyingi zilizopikwa, na watu wengi waliokohoa kwa adabu.

Kisha vita ya pili ikaja, na koko akaugua. Homa ilimkamata akawa halali wala haamki. Kila alichokula alikitapika, mwisho akawa anakataa hata uji. Baba alisimama nje ya matete asubuhi na jioni. "Uliza koko yako kama ameonja kitu." Nikiuliza, koko anatikisa kichwa. Nikisema "hajaonja," baba anarudi pwani. Koko alikonda, mkono wake ukawa kama mwiko. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akamwambia mama waziwazi: dawa imefanya kazi yake, sasa asipokula atakufa na njaa, si na homa.

Na asubuhi moja homa ikamwachia. Alifungua macho akasema, "Njaa inaniuma."

Lo! Mama alikimbia uani kutangaza kama mtu aliyezaa mapacha. Shangazi akapiga kigelegele. Mimi nikatwanga sombe bila kuulizwa, mama akasonga bugali, mawese yakamwagwa bila ubahili. Sombe ilikuwa imeanza kutulia jikoni tuliposikia milio upande wa juu, kwanza mmoja mmoja, kisha kama mahindi kwenye kikaango. Watu wakaanza kupita kwenye njia yetu wakikimbilia maji. Baba aliingia uani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukohoa.

"Boti," alisema. "Yote ku boti."

Mama alijitwika sufuria ya sombe ikiwa ya moto, bugali ukiwa umefungwa kwenye majani. Koko alibebwa na vijana wawili wa jirani. Baba alitembea pembeni yao mikono ikimwasha. Mukwe hamgusi mama mukwe, hata hapo. Alisema tu, "Polepole. Polepole na mama."

Boti ilikuwa ya mteja, bado inazibwa. Haikuwa na mashine. Tuliingia sisi na majirani, tukajazana kama ndakala kwenye ndoo. Vijana wawili walikaa mbele kupiga kafi. Baba alikaa nyuma kabisa na kafi kubwa ya kuongozea, mwelekeo wa Tanzania. Koko aliwekwa pale palipopatikana, ameegemea mzigo wa nguo, uso kwa baba, hatua ndogo kutoka magotini kwake. Mtu akihama boti ililala upande, maji yakaingia, na baba akakataza kila mtu kutikisika.

Sasa fikiri. Mbele ni maji, nyuma ni maji, jua limepanda utosini, na sufuria ya sombe iko katikati. Tulikula sote, isipokuwa baba na koko. Mama akafinyanga tonge dogo, akalichovya, akalipeleka mdomoni kwa koko.

Koko alifunga midomo.

"Mama, kula."

Koko alinyoosha macho kwenye sakafu ya boti, kwenye ile miguu aliyoijua. Akatikisa kichwa.

Mama na shangazi wakashika kitenge, mmoja huku mmoja huku, kuwa ukuta. Upepo uliingia ndani yake, boti ikazunguka, vijana wakapiga kelele, na kitenge kikawaponyoka kikaenda zake majini. Shangazi akasema basi koko ajifunike cha kwake kichwani, ale chini yake.

"Kufunikwa uso ni kwa maiti," koko alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Mi sijafa bado."

"Geukia kule basi!" alisema shangazi.

"Ataniona kwa nyuma. Mutu akitafuna masikio inacheza."

Mama hapo akakasirika. Nilimwona mama yangu, mwanamke wa "twanga", akimfokea mama yake mzazi na machozi yakimtoka. "Unataka nikuzike kule ng'ambo, mu udongo ya bantu bengine? Sababu ya masikio? Mungu anaona tuko mu mayi!"

"Mungu anaona," alisema koko. "Na mukwe anaona."

Kichwa chake kikaangukia bega. Mama akamkamata shavu, akamwita, akamwita tena. Macho yalifunguka kidogo. Mimi sikutaka tena kujua kitu chochote. Nilitaka tu bibi yangu afungue mdomo.

Ndipo baba akanena. "Kuja hapa," aliniambia. Nikatambaa mpaka katikati ya magoti yake, maana nilikuwa mwepesi na boti haikunihisi. "Unaona ule mulima ya ng'ambo, ile yenye mugongo ya kukatika?"

"Naiona."

"Usiiache. Ikienda kushoto, sema kushoto. Ikienda kuume, sema kuume."

Akavua shati lake, akalikunja, akajifunga machoni, fundo nyuma ya kichwa. Halafu akashika tena kafi.

Mbele kukatoka kelele. "Muzee! Unatuua!"

"Mupige kafi, munyamaze. Mawimbi miye nayasikia na matako." Akanigusa bega. "Ambia koko yako, mukwe wake hayupo hapa."

Nikamgeukia koko. "Koko, baba anasema mukwe wako hayupo hapa."

"Ameenda wapi?" aliuliza koko.

"Ameenda wapi?" nilimuuliza baba.

"Ameenda tu."

"Ameenda tu, koko."

Watu wote walimtazama koko. Hata wale vijana walikuwa wakipiga kafi shingo zimegeuka. Koko aliinua macho kutoka kwenye sakafu ya boti. Yalipanda polepole kwenye miguu, kwenye magoti, kwenye kifua kilichotoka jasho, yakafika kwenye kile kitambaa. Yakakaa hapo kuhakikisha. Kisha akafungua mdomo, na mama akaweka tonge ndani.

Alitafuna. Ni kweli, masikio yanacheza.

"Kushoto," nikasema. "Kushoto, baba!"

Mama akaongeza la pili, na la tatu koko akalishika mwenyewe. Na wakati wote ule alikuwa anamtazama baba usoni bila kupepesa, kama alivyozoea kuzitazama sahani. Aliangalia ndevu. Aliangalia pua, kisha akaangalia yangu. Upande mmoja wa mdomo wa baba ulikuwa umepanda kidogo, kwa kuwa alikuwa anasikia sombe inaliwa na hakuweza kujizuia.

"Kumbe njo anachekaga vile," koko aliniambia kwa kunong'ona.

Alipomaliza alipangusa midomo. Sauti ilikuwa imemrudia kidogo. "Ambia baba yako arudi. Na yeye ale. Tangu asubui hajakula, kafi inaanza kumushinda."

Nikasema. Baba akatikisa kichwa chini ya kitambaa. "Ambia koko yako, sitaweza mbele yake."

Hapo koko alifanya nilichosikia kwa masikio yangu kwamba hakitafanyika akiwa hai. Alifungua kitenge chake cha mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, mpaka kidevuni.

"Koko hayupo," nilisema, kabla sijatumwa.

Baba alijifungua macho. Aliona umbo lile lililofunikwa akashtuka sana. Kisha akaona linapumua. Mama akampa bugali wa mwisho na sombe iliyobaki chini ya sufuria. Akala kwa mkono mmoja, mwingine kwenye kafi.

Kitenge cha koko kilikuwa cha zamani, kimefuliwa mpaka kikachoka. Mahali penye jicho la kushoto palikuwa na tundu la cheche ya moto wa jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nami nina macho ya mwizi. Ndani ya tundu lile jicho lilikuwa wazi kabisa, linafuata taya la baba, huku na huku, kulia na kushoto.

"Jino imepona," kitenge kilisema.

Hakunituma mimi. Baba aliacha kutafuna. Alimeza, akatazama vidole vya miguu yake, akakohoa mara mbili, na koko akafumba jicho.